Kutoka kidoleni hadi kwenye gamba la ubongo: namna ya kuifuata njia ya hisia za mikono na miguu, hatua kwa hatua

Mtu akikanyaga kokoto, anajua papo hapo ni mguu upi, ni sehemu gani ya wayo, na kama kokoto lenyewe ni la moto au la baridi. Habari hizo hazipandi kwa njia moja. Huingia mgongoni pamoja, huachana, huvuka upande wa pili wa mwili mahali pawili tofauti, kisha hukutana tena karibu na kileleni. Ukizishika sehemu hizo mbili za kuvukia, pini na uma wa mtetemo (chuma chenye meno mawili kinachotetemeka kikigongwa) vinatosha kukuonyesha palipoharibika. Usipozishika, utakariri majina usiku kucha na bado utapotea mbele ya mgonjwa.

Chukua karatasi na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Chora mstari wa wima katikati. Huo ni mstari wa kati wa mwili. Juu weka ubongo, chini yake shina la ubongo, kisha uti wa mgongo, na upande wa kulia chora mkono na mguu. Tunaposema uti wa mgongo hapa tunamaanisha ile kamba ya neva iliyolala ndani ya mifupa. Mifupa yenyewe tutaiita pingili. Buluu ni ya mguso mwepesi, mtetemo na hisia ya mkao wa viungo. Nyekundu ni ya maumivu, joto na baridi.

Kila njia ina seli tatu zinazopokezana. Ya kwanza inatoka kiungoni, ya pili inavuka, ya tatu inafika kwenye gamba, yaani tabaka la nje la ubongo. Anayevuka ni seli ya pili, kwa buluu na kwa nyekundu. Kinachotofautiana ni mahali inapoanzia.

Hatua ya 1: Anzia kwenye vipokezi

Ngozi ya ncha za vidole ina vipokezi vinne vya mguso. Vya Meissner viko juu juu na huitikia kitu kinapoanza kuteleza. Vya Merkel huendelea kutuma ishara muda wote ngozi inapobonyezwa, na ndivyo vinavyosoma kingo na vinundu. Vya Pacini vimezama ndani na husikia mtetemo wa kasi, hasa wa hezi (mitetemo kwa sekunde) 200 hadi 300. Vya Ruffini husikia ngozi ikivutwa. Maumivu, joto na baridi havina kipokezi chenye umbo maalumu: ni ncha za neva zilizo wazi, zisizo na kifuko.

Hisia ya mkao wa kiungo, ile inayokuwezesha kufunga vifungo gizani, wengi hudhani inatoka kwenye maungio. Sehemu yake kubwa inatoka ndani ya misuli, kwenye vipokezi vidogo vinavyopima msuli umevutika kiasi gani. Ukitetemesha kano ya msuli wa mkono wa mtu aliyefumba macho, atahisi kiwiko chake kinasogea ilhali kimetulia.

Ndani ya utando wa ncha ya neva kuna milango ya protini. Ule uitwao PIEZO2 hufunguka utando unapobonyezwa. TRPV1 hufunguka joto likizidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi, na pia kwa ukali wa pilipili. Ugunduzi wa milango hii uliwapa David Julius na Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mlango ukifunguka, ioni za chaji chanya, hasa sodiamu, huingia, na volti ya ndani, ambayo ikitulia ni kama milivolti 70 chini ya sifuri, hupanda. Ikivuka kizingiti, ishara kamili inaondoka. Ishara haina nusu: inaondoka yote au haiondoki. Nguvu ya kichocheo hupelekwa kwa wingi wa ishara kwa sekunde na kwa idadi ya nyuzi zilizoamka.

Hatua ya 2: Jua nani anakwenda kwa kasi gani

Nyuzi za neva hazilingani unene. Nene zimeviringishiwa mayelini, ganda la mafuta lenye mapengo kila milimita moja hivi, na ishara huruka kutoka pengo hadi pengo. Nyuzi za misuli hukimbia mita 70 hadi 120 kwa sekunde, na za mguso mita 35 hadi 75. Nyuzi nyembamba zenye ganda dogo, aina ya A-delta, hubeba baridi na maumivu makali ya kwanza kwa mita 5 hadi 30. Nyuzi C hazina mayelini kabisa. Hutambaa mita 0.5 hadi 2 tu kwa sekunde, nazo hubeba joto na maumivu ya kuungua.

Piga hesabu mwenyewe. Kutoka wayo hadi mgongoni ni kama mita moja. Mguso kwa mita 50 kwa sekunde unafika kwa milisekunde 20. Nyuzi C kwa mita 1 kwa sekunde zinahitaji sekunde nzima. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu unajua kwanza umejigonga, unapata mchomo mkali, halafu kuna kimya kifupi ambacho ndani yake unajua kabisa kinachokuja, na ndipo maumivu mazito yanapowasili.

Andika kasi hizi pembeni ya mchoro wako. Zitakusaidia utakapokuja kupima.

Hatua ya 3: Ingiza seli ya kwanza mgongoni

Mwili wa seli ya kwanza hauko kwenye ngozi wala ndani ya uti. Umekaa kwenye ganglia ya mzizi wa nyuma, kifundo kidogo kilicho karibu na tundu la kutokea neva kati ya pingili mbili. Seli hii ina uzi mmoja unaogawanyika: tawi moja linashuka hadi kidoleni, jingine linaingia mgongoni. Chora kifundo hicho nje ya uti, kisha upitishe ndani yake kalamu zote mbili.

Kila mzizi una eneo lake la ngozi, na huitwa kwa herufi ya sehemu ya mgongo na namba: C ni shingo, T kifua, L kiuno, S chini ya kiuno. Haya machache yashike kwa moyo: kidole gumba cha mkono ni C6, cha kati C7, kidole kidogo C8, chuchu ni T4, kitovu T10, upande wa juu wa wayo kuelekea kidole gumba ni L5, ukingo wa nje wa wayo ni S1. Maeneo ya majirani hupandana, kwa hiyo mzizi mmoja ukikatika ganzi huwa ndogo kuliko ramani inavyoonyesha.

Tofautisha mzizi na neva. Kwenye kidole cha pete, neva ya midiani huhudumia nusu ya upande wa kidole cha kati, na neva ya alna huhudumia nusu ya upande wa kidole kidogo. Telezesha ncha ya kijiti kukatiza kidole hicho kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mgonjwa akikuambia ganzi inakatika katikati ya kidole kana kwamba umepigwa mstari, shaka yako iende kwenye neva, kwenye kifundo cha mkono au kiwikoni, kwa kuwa mizizi ya shingoni haikigawi kidole hivyo.

Hatua ya 4: Chora njia ya buluu

Uzi wa buluu ukishaingia mgongoni haupokezani na mtu. Unageuka juu na kupanda upande uleule kwenye nguzo za nyuma hadi medula, sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo. Kwa hiyo seli moja inaanzia kwenye kidole cha mguu, inapita ganglia, inapanda mgongo mzima na kuishia chini ya fuvu. Kwa mtu mrefu seli hiyo inazidi mita moja na nusu.

Nyuzi za mguuni huingia kwanza, hivyo hukaa karibu na mstari wa kati, katika fungu liitwalo grasilisi. Za mkononi huja baadaye na kupangwa nje yake, katika fungu la kuneatasi. Kila fungu linaishia kwenye kiini cha jina lake huko medula. Hapo ndipo seli ya pili inapoanza, na hapo hapo inavuka mstari wa kati. Weka alama kubwa ya msalaba kwenye mchoro: buluu huvuka medula. Baada ya kuvuka huitwa lemniskasi ya kati, nayo hupanda kupitia ponsi na ubongo wa kati, sehemu za juu za shina la ubongo, hadi thalamasi, kituo cha kupokezana kilicho ndani kabisa ya ubongo.

Mtego mmoja: sehemu ya nyuzi zinazobeba mkao wa mguu huyaacha mapema mafungu ya nyuma na kupanda ubavuni mwa uti pamoja na njia ya kwenda serebelamu (ubongo mdogo wa nyuma), kisha hujiunga tena na buluu huko medula. Usishangae basi mtetemo ukipotea mguuni huku mkao ukibaki nusu nusu.

Hatua ya 5: Chora njia ya nyekundu

Uzi mwekundu unafanya kinyume. Ukiingia tu, hupanda au kushuka pingili moja au mbili, kisha unapokezana na seli ya pili kwenye pembe ya nyuma ya uti wenyewe. Seli hiyo inavuka mbele ya mfereji mwembamba ulio katikati ya uti ikipanda taratibu, na kufika robo ya mbele ya upande wa pili. Kutoka hapo inapanda moja kwa moja hadi thalamasi. Weka msalaba wa pili: nyekundu huvuka mgongoni, karibu na ilipoingilia.

Kwenye pembe hiyo ya nyuma ishara ya maumivu huweza kupunguzwa kabla haijapanda. Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza mwaka 1965 kwamba nyuzi nene za mguso zinaweza kulifunga lango la maumivu. Maelezo yao yamerekebishwa mengi tangu hapo, lakini msingi wake unaonekana kila mtu anaposugua mahali alipojigonga na kupata nafuu.

Mpangilio ndani ya njia hii una maana kubwa. Nyuzi za mguu, kwa kuwa zilivuka chini, husukumwa nje, na za mkono hukaa ndani. Uvimbe unaoubana uti wa shingo kutoka nje unaweza kugusa nyuzi za mguu kwanza. Mgonjwa analalamika miguu, mikono haina neno, na tatizo liko shingoni.

Hatua ya 6: Thalamasi

Hapa buluu na nyekundu hukutana, katika kiini cha nyuma cha pembeni. Seli ya tatu inaanza, inapita kwenye kapsuli ya ndani, fungu nene la nyuzi, na kufunguka kama feni kuelekea juu. Kiharusi kidogo katika eneo hili hufuta hisia zote za nusu nzima ya mwili wa upande wa pili, uso, mkono na mguu, bila udhaifu wowote wa misuli. Wengine, baada ya wiki au miezi, hupata maumivu makali katika upande huohuo uliokufa ganzi, na hata shuka likiwagusa huwaunguza.

Hatua ya 7: Gamba la ubongo

Mwisho wa safari ni mkunjo ulio nyuma tu ya mfereji wa kati wa ubongo. Una vipande vinne, 3a, 3b, 1 na 2. Habari za misuli hufika 3a, na za mguso wa ngozi hufika 3b. Kutoka hapo kipande cha 1 hushughulika zaidi na umbile la uso wa kitu, na cha 2 huunganisha mguso na mkao ili kupata ukubwa na umbo. Maumivu na joto huenda pia kwenye insula, ndani ya mfereji wa ubavuni, na sehemu nyingine. Ndiyo sababu jeraha la mkunjo huu peke yake mara nyingi huiacha hisia ya kuchomwa, huku uwezo wa kutambua kitu mkononi ukipotea.

Mwili umechorwa hapa kichwa chini miguu juu, kama Wilder Penfield na Edwin Boldrey walivyoonyesha mwaka 1937 kwa kuugusa ubongo wa wagonjwa walio macho kwa umeme kidogo wakati wa upasuaji. Mguu umejificha kwenye ukuta wa ndani, kati ya nusu mbili za ubongo, na hulishwa na ateri ya mbele. Mkono uko upande wa nje na hulishwa na ateri ya kati. Mkono, hasa vidole, umepewa eneo kubwa kuliko kiwiliwili kizima, maana eneo hufuata wingi wa vipokezi wala si ukubwa wa kiungo. Nukta mbili zilizoachana milimita 2 hadi 4 hutambulika kama mbili kwenye ncha ya kidole. Kwenye muundi zinahitaji kuachana kama milimita 40.

Hatua ya 8: Pima njia kwa mikono yako

Anza na nyekundu. Tumia pini mpya kwa kila mtu, na usitumie sindano ya dawa, kwa kuwa inatoboa ngozi na kutoa damu. Uliza "kali au butu?", ukibadilisha ncha na kichwa cha pini bila mpangilio. Tembea kutoka kwenye ganzi kuelekea penye uzima, si kinyume. Mpaka hutambulika vizuri zaidi hisia inaporudi kuliko inapofifia. Kwa baridi, chuma cha uma wa mtetemo kinatosha.

Kisha buluu. Uma wa hezi 128 uweke juu ya mfupa wa kidole gumba cha mguu. Usiulize "unasikia?", kwa sababu atasikia ubaridi na mgandamizo akasema ndiyo. Mwambie aseme mtetemo unapokoma, kisha uguse uma ili kuuzima, na uulize tena kwenye kifundo cha mguu na gotini. Kwa wazee wengi mtetemo wa vidole vya mguu hupungua bila ugonjwa mwingine.

Mkao wa kidole ndiyo kipimo kinachoharibiwa na wengi. Shika kidole gumba cha mguu kwa pembeni, ubavu kwa ubavu, na kitenganishe na majirani zake. Ukikishika juu na chini, mgandamizo wa vidole vyako unamwambia kinakwenda wapi. Macho yafumbwe. Kisogeze milimita chache tu, na uulize "juu au chini?" mara kadhaa. Anayebahatisha atapatia nusu, kwa hiyo jibu moja sahihi halina uzito.

Uzi wa nailoni wa gramu 10, unaotumika sana kwa wagonjwa wa kisukari, usimamishe wima juu ya wayo, ubonyeze hadi ujipinde, uachie. Yote kwa sekunde moja au mbili. Usiuburute, na usiuweke juu ya sugu.

Vipimo vya gamba viwe vya mwisho: kutambua ufunguo au sarafu kiganjani, kusoma tarakimu iliyochorwa kiganjani, na kuhisi pande zote mbili zinapoguswa pamoja. Havina maana yoyote kama mguso wa kawaida umepotea, kwa sababu ujumbe haujafika huko juu.

Hatua ya 9: Soma mchoro wako

Ganzi ya "soksi", miguu yote sawasawa, inayopanda polepole na kuingia ncha za vidole vya mikono inapokaribia magoti, ni ya neva zenyewe. Nyuzi ndefu huumia kwanza. Kisukari ndicho kisababishi cha kawaida. Ukoma una sura nyingine: hupenda sehemu zenye ubaridi, hufuta joto na maumivu mapema kwenye mabaka, na neva ya alna huweza kupapaswa imenenepa nyuma ya kiwiko.

Mtetemo na mkao vikipotea miguu yote miwili huku pini ikisikika vizuri, nguzo za nyuma zimeguswa. Fikiria upungufu wa vitamini B12, na kaswende ya muda mrefu. Mgonjwa akisimama miguu pamoja na kufumba macho huyumba, maana macho yalikuwa yakiziba pengo. Kumpa asidi foliki peke yake mwenye upungufu wa B12 ni kosa zito: damu inapendeza, neva zinaendelea kuharibika.

Joto na maumivu vikipotea mabegani na mikononi kama koti, huku mguso na miguu vikiwa salama, kuna kitu katikati ya uti, pale nyekundu inapovukia. Mara nyingi ni tundu la maji lililopanuka. Mgonjwa hujiunguza vidole bila kujua.

Nusu moja ya uti ikikatwa upande wa kulia, buluu na nguvu hupotea kulia chini ya jeraha, nyekundu hupotea kushoto. Sura hii inabeba jina la Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Morisi mwaka 1817. Na kwa kuwa nyekundu hupanda kidogo kabla ya kumaliza kuvuka, ganzi yake huanza pingili moja au mbili chini ya jeraha. Tafuta juu ya mpaka, usitafute chini yake.

Maumivu yakipotea usoni upande mmoja na mwilini upande mwingine, pamoja na kizunguzungu, sauti ya kukwaruza na shida ya kumeza, ni ubavu wa medula. Mguso hubaki, kwa sababu buluu hapo imekaa karibu na mstari wa kati.

Kosa linalowagharimu wagonjwa zaidi ni la picha. Miguu ina ganzi, anapigwa picha ya kiuno, inaonekana safi, anarudishwa nyumbani. Kwa mtu mzima uti wa mgongo huishia kwenye pingili za kiuno L1 au L2. Chini yake kuna mizizi tu. Ganzi iliyopanda hadi kitovuni, au miguu iliyokakamaa yenye refleksi kali, haiwezi kuelezwa na picha ya kiuno. Piga picha ya mgongo wa kifuani na wa shingoni. Ikiwa mkojo nao umeziba au unatoka bila kujua, au ganzi imeshika sehemu anayokalia, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kupima kwa mashine

Mashine huchochea neva kwa umeme, kisha husoma mawimbi ya ishara yanavyopanda kuelekea ubongoni. Neva ya midiani huchochewa kwenye kifundo cha mkono kwa umeme wa milisekunde 0.1 hadi 0.2, nguvu ikiongezwa mpaka kidole gumba kitikisike kidogo. Elektrodi hasi ielekee bega; ukizigeuza, elektrodi chanya inaweza kuzuia ishara isipande. Elektrodi za kusomea huwekwa juu ya mtulinga, nyuma ya shingo na kichwani upande wa pili. Wimbi la kwanza huonekana karibu na milisekunde 9, la shingoni 13, la gamba 20. Kwa neva ya tibia, nyuma ya kifundo cha mguu, wimbi la gamba huja kati ya 37 na 40, likibadilika kwa urefu wa mtu.

Wimbi la gamba ni maikrovolti chache tu na limezama ndani ya umeme wa kawaida wa ubongo, kwa hiyo rudia mara 500 au zaidi, chukua wastani, kisha fanya mzunguko wa pili uulaze juu ya wa kwanza. Mawimbi yasipolingana, usiyasome. Chagua mwendo wa kuchochea kama hezi 4.7 badala ya 5, ili mngurumo wa umeme wa ukutani wa hezi 50 usijipange na vipimo vyako.

Wimbi la mtulinga likiwa zuri na la shingoni likichelewa, tafuta kwenye mizizi au uti. La shingoni likiwa zuri na la gamba likichelewa, tafuta juu zaidi. Safari ya kutoka shingoni hadi gamba huchukua milisekunde 6 hadi 7 hivi. Yakichelewa yote kwa pamoja, shika mkono wa mgonjwa kabla hujaandika chochote. Kila nyuzi moja ya Selsiasi ambayo mkono unapoa hupunguza kasi ya neva kwa takriban mita 2 kwa sekunde. Mkono ukiwa chini ya nyuzi 32, upashe joto, upime upya. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki husoma buluu peke yake: mtu aliyekatika nyekundu nzima anaweza kutoka na majibu yasiyo na dosari, na pini yako ndiyo itakayomgundua.